Mimi Nalala na Nani?

Jumapili, saa nne na dakika kumi usiku. Sote wanne, Dogo, Nesi, Kijumbe na mimi, tuko kwenye simu ya video. Dogo ndiye mwenye kompyuta, na ukurasa wa malipo unammulika usoni. Vyumba viwili, watu wawili kila chumba, safari ya meli ya starehe, usiku 5, kutoka bandari ya Galveston, Texas. Miezi minane ya kuchanga imebakiza kitufe kimoja.

"Ongeza na kifurushi cha vinywaji," Nesi akasema.

Dogo akabonyeza. Ukurasa ukazunguka kidogo, kisha yakatokea maandishi mekundu: mtu mmoja akinunua kifurushi cha pombe, kila mwenye miaka 21 au zaidi anayelala naye chumba kimoja lazima anunue pia.

Kijumbe hajawahi kuonja pombe tangu azaliwe, na hana mpango huo. Akauliza kwa sauti yake ileile ya kudai mchango wa mwezi:

"Sasa mimi nalala na nani?"

Dogo akasema betri inamwishia. Nesi akakumbuka ana zamu ya asubuhi. Mimi nikasema "tutaongea", na Mswahili yeyote anajua hilo neno linamaanisha nini.

Simu ikakatwa.

Tumeshakwenda na tumesharudi. Ngozi iliyoungua jua imebabuka ikaisha, picha zimepandishwa, watu wameweka mioyo. Ni wiki ya sita sasa na bado nalisikia lile swali, hasa nikiwa naosha vyombo.

## Kibubu

Sisi wanne tunaishi Houston, na tulikutana kwa mambo ya kawaida ya ugenini: msiba, kitchen party, foleni ya mtu anayeuza samaki wa kukaanga kila Jumamosi. Tulikuwa na mchezo wetu wa kupokezana pesa kila mwezi. Mwaka jana tukaugeuza kibubu: hakuna wa kupokea, kila mtu dola 150 kwa mwezi, zote zinakaa kwa Kijumbe. Jina lake halisi sote tunalijua ila hakuna anayelitumia. Yeye ndiye hukusanya, ndiye huandika, na ndiye hukutumia alama ya saa ya mchanga ukichelewa siku moja.

Kundi la WhatsApp tuliliita Bata la Baharini. Tukale bata, tena kwenye maji, kabla hatujaolewa au hatujazeeka, lolote litakalotangulia.

Tungekwenda mapema zaidi kama si Dogo. Kwenye meli zinazoondokea Marekani pombe huuzwa kuanzia miaka 21, na kampuni kubwa zina masharti ya nani amsindikize nani. Carnival wanataka aliye chini ya miaka 21 awe na mtu wa miaka 25 au zaidi. Royal Caribbean hutosheka na mwenzake wa miaka 21. Dogo akasema hataki kupanda meli kama mtoto wa kubebwa, basi tukasubiri atimize miaka yake. Halafu yeye ndiye pekee kati yetu mwenye viza ya mwanafunzi, kwa hiyo kabla ya kulipa chochote alikwenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwake akasainiwa fomu ya I-20, ile ya kuthibitisha uanafunzi wake, kwa ajili ya kusafiri. Mwanafunzi akiisahau saini hiyo, anaweza kujuta akiwa gatini na begi mkononi.

## Meli changamfu ni ipi?

Hapa ndipo tulipopotezea muda, na nakiri kwamba niliufurahia.

Dogo alitaka Virgin Voyages. Meli zao hazipandishi mtu aliye chini ya miaka 18. Ile ya kwanza, Scarlet Lady, ilianza kuchukua abiria Miami mwaka 2021. Kuna hadi chumba cha kuchorwa tatuu. Kijumbe alituma ujumbe wa sauti wa sekunde nne: "Nirudi na tatuu, mama nimwambie papa kanichora?"

Nesi alitaka Icon of the Seas. Nani asiyeitaka? Ilianza safari Januari 2024, ina mabwawa 7 na mitelezo 6 ya maji, na ikijaa pomoni inabeba abiria wapatao 7,600, mbali na wafanyakazi. Nauli yake ndiyo iliyotufunga mdomo. Na ukiiangalia vizuri utaona ile ni meli ya familia: kuna mtaa mzima ndani yake kwa ajili ya wenye watoto wadogo. Waliokuwa wanatuambia mtandaoni kwamba ndiyo "meli ya vijana" walikuwa wanahesabu mitelezo.

Mimi nilikuwa wa Carnival Jubilee, kwa sababu ya uvivu. Iko hapahapa Galveston tangu Desemba 2023, mwendo wa saa moja na kidogo kwa gari kutoka kwangu, hakuna tiketi ya ndege. Juu kabisa imejengewa reli ya vigari vya kukimbizana na upepo, waliyoiita BOLT. Lakini safari zake ni za usiku 7, na Nesi hapati ruhusa ya wiki nzima hospitalini hata akifiwa na nani.

Baada ya wiki tatu za kutumiana video nikaanza kushuku kwamba swali letu limekaa vibaya. Meli ileile inaweza kuwa disko mwezi wa tatu na kituo cha wastaafu mwezi wa kumi. Machi vyuo vya Marekani vimefunga, wanafunzi wanajaa. Juni hadi Agosti ni watoto na miguu yao yenye maji kwenye zulia. Septemba na Oktoba bei hushuka, kwa kuwa shule zimefunguliwa na msimu wa vimbunga, unaoanza Juni mosi mpaka mwisho wa Novemba, uko pabaya zaidi. Safari za usiku 3 au 4 zinazoondoka Alhamisi au Ijumaa huvuta vijana, kwa sababu kijana hana likizo wala hana hela. Kwa hiyo kabla ya jina la meli, angalia kalenda.

Halafu kuna jiografia. Ukitoka Miami jioni, asubuhi uko Nassau, Bahamas. Ukitoka Galveston unakata Ghuba ya Meksiko, na Cozumel, kisiwa cha Meksiko, hukioni mpaka siku ya tatu. Kwa hiyo siku ya pili nzima ni maji, na kurudi ni maji tena. Bandari haiwezi kukuokoa na meli iliyopooza. Sisi wa Texas tunapochagua meli tunachagua mji wa kuishi, ilhali mtu wa Florida anachagua basi.

(Kwa wanaojiuliza kwa nini lazima iguse Meksiko au Bahamas wakati watu wanataka tu kunywa na kucheza: kuna sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inayozuia meli za nje kusafirisha abiria kati ya bandari za Marekani peke yake. Na meli nyingi hizi, pamoja na ofisi zake kubwa kuwa Florida, zimesajiliwa Bahamas au Panama. Lazima ziguse nje. Kasino nayo kwa kawaida hufungwa gatini, ikafunguliwa meli ikishatoka mbali na pwani.)

Tukaangukia safari ya usiku 5 mwezi wa nne, meli ya makamo ambayo sitaitaja jina, si kubwa wala si mpya. Kijumbe akasema pesa inatosha na inabaki. Tukapiga makofi kwenye simu.

Halafu ndiyo yakaja yale maandishi mekundu.

## Hesabu ya glasi

Niseme haki: kanuni ile ina sababu yake. Isingekuwepo, mtu mmoja angenunua kifurushi akawaletea chumbani wenzake watatu. Na si ya kampuni moja, zile kubwa karibu zote zinayo kwa namna yake.

Kwa bei tuliyopewa, pamoja na asilimia 18 ya huduma inayopachikwa juu, ilikuwa karibu dola 400 kwa kila mtu kwa siku zote. Kijumbe alipe dola 400 ili anywe maji, ambayo ni ya bure. Au achukue chumba peke yake, na chumba cha meli huuzwa kwa hesabu ya watu wawili, ukilala peke yako mara nyingi unalipa nauli mbili. Au wawili wanaokunywa walale pamoja, wa tatu aache kifurushi alale na Kijumbe.

Hiyo ya mwisho inaonekana rahisi kabisa. Tulikuwa watatu. Wa kuacha alikuwa nani?

Jumatatu asubuhi Nesi akaandika kwamba kuna kampuni zinazokubali asiyekunywa anunue kifurushi cha soda na juisi badala yake, ukipiga simu ukajieleza. Akamwambia Kijumbe apige awaambie yeye ni Mwislamu. Nesi hakuwa na ubaya, alikuwa anatafuta njia kama anavyotafuta mshipa wa mgonjwa.

Kijumbe akajibu kwa maandishi, jambo ambalo halifanyi kamwe:

"Siwezi kupiga simu kuomba ruhusa ya kutokunywa."

Baada ya hapo kundi likawa kimya. Tiki za buluu tupu.

## Kilichokuwa kichwani mwangu

Ninyi hamnijui uso, basi naweza kusema.

Mimi si mnywaji. Chupa ya mvinyo inakaa kwenye friji yangu wiki mbili, mwishowe naimwagia kwenye nyama. Kwa hesabu ya kawaida, niliyetakiwa kuinua mkono ni mimi, tena palepale Jumapili usiku, kabla Dogo hajaitaja betri yake.

Sikuinua.

Nilijiambia ni mambo ya haki: nimechanga sawa na wengine, nimefanya zamu mbili ghalani mwezi mzima wa Desemba, nastahili likizo yangu yote. Nikajiambia Dogo ndiye mdogo, yeye ndiye aachie. Nikajiambia Nesi ndiye aliyependekeza. Usiku wa Jumatatu nilikaa kitandani nikiangalia video za watu wa umri wangu wakirushiana povu kwenye bwawa, wote wana glasi zenye vimwavuli, na ndipo nikajikamata.

Nilichokuwa naogopa ni kuitwa chumba cha pili.

Nilishaona kichwani itakavyokuwa: chumba cha kwanza kinachelewa kurudi, kinacheka, kina stori. Chumba cha pili kinaswali, kinalala saa nne, kinaamka kutazama machweo, samahani, macheo. Niliogopa kupangwa na waliopoa. Wiki zote zile nilizokuwa nauliza meli ipi imechangamka, sikuwa nauliza habari za meli. Nilikuwa natafuta mahali ambapo mtu akiniona atasema, huyu naye yumo.

Na Kijumbe, kumbuka, ndiye mtu anayechekesha kuliko sisi sote.

Jumanne saa kumi na moja jioni, nikiwa mapumzikoni kazini, nimekaa juu ya boksi, nikaandika: "Mimi na wewe."

Akajibu kwa dole gumba.

Dole gumba tu.

## Kibla cha chaneli ya ramani

Cozumel sitawachosha nayo. Jua, maji ya rangi ya feruzi, tacos za samaki mtaa wa tatu kutoka pwani zilizo nzuri kuliko za mtaa wa kwanza. Nataka kusimulia chumba.

Kilikuwa cha ndani, hakina dirisha. Ukizima taa hujui kama ni mchana. Birika lake la umeme Kijumbe aliliacha kwenye gari baada ya kusoma orodha ya vitu visivyoruhusiwa, maana chochote chenye koili ya moto hakipandi, pamoja na pasi. Kwa mwanamke wa Tanga kusafiri bila pasi ni jambo la kuhuzunisha, nilimsikia akiiaga. Lakini tangawizi ya unga na iliki alipita nazo.

Jioni ya kwanza alitaka kuswali Magharibi. Dira ya simu ilikuwa inayumba kama mlevi, kwa sababu tumezungukwa na chuma. Nikadhani ataacha. Akawasha televisheni, akatafuta ile chaneli inayoonyesha ramani na mwelekeo wa meli. Tunaelekea kusini mashariki. Kutoka huku kwetu kibla ni kaskazini mashariki. Akasimama, akanyoosha mkono wa kuume kuelekea mbele ya meli, wa kushoto akauzungusha taratibu, akapata.

"Mlangoni kwa choo, kushoto kidogo," akasema. "Kesho tukigeuka nitapima tena."

Akapima tena kila siku. Siku ya Cozumel kibla kilikuwa kabatini. Siku ya kurudi kilihamia kwangu, ikabidi niondoe viatu vyangu na nikae kitako upande wa pili nimsubiri. Sijui kwa nini nayakumbuka haya kuliko bwawa.

Na saa nne hatukulala hata siku moja.

## Wenye sare

Usiku wa pili, baharini kabisa, DJ aliweka muziki wa kucheza kwa mistari pale sitaha ya juu. Vijana walikuwepo, sikatai, wamesimama pembeni na glasi zao wakijirekodi. Waliojaa katikati walikuwa ukoo mmoja wa Wamarekani weusi, watu kama 40, wamevaa fulana za zambarau zilizoandikwa jina la familia, kuanzia bibi mwenye fimbo hadi mjukuu. Sare kabisa, kama kamati ya harusi Kinondoni. Wale ndio waliokuwa meli. Walipokwenda kula palipoa, waliporudi palichemka.

Kijumbe aliangalia hatua mara moja, mara mbili. "Mbona hii ni kwaito ya harusini?" akasema, akaingia mstari wa mbele, kanga kiunoni juu ya gauni refu. Nyimbo mbili baadaye bibi mwenye fimbo alikuwa anamfuata yeye. Shangazi mmoja akatoa fulana ya akiba akampa Kijumbe. Ameivaa mpaka leo, anaivaa akipika.

Nesi alikuja saa tano akanikuta nimekaa, natoa jasho. Alikuwa na glasi mbili na uso wa mtu aliye kazini. "Bado moja irudi hela yangu ya leo," akaniambia. Alikuwa amepiga hesabu kwamba asipofikisha sita kwa siku anakula hasara, na kila usiku alikuwa anafukuzana na hiyo sita. Siku ya nne alikaa chumbani na kichwa mpaka saa nane mchana, Dogo akimpelekea supu. Namtania sasa, naye anajitania, ila usiku ule hakukuwa na utani.

Mimi nilinunua vinywaji vinne safari nzima, kimoja kimoja. Bili yangu ilikuwa dola 56.

## Saa 43

Usiku wa mwisho, mabegi yakiwa yameshatolewa koridoni, tulipanda juu mimi na Kijumbe. Upepo ulikuwa mkali, viti vimefungwa kamba. Nikamwambia kuhusu zile siku mbili. Nilianza vizuri halafu nikachanganya, nikaingiza zamu za Desemba, nikaingiza Dogo.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Saa 43," akasema.

"Nini?"

"Kutoka tulipokata simu mpaka ulipoandika. Nilihesabu." Akavuta mtandio ukakaa sawa. "Na pesa zenu zote zilikuwa kwangu. Ilikuwa imebaki ya kutosha chumba cha peke yangu. Ningelipa, nisingewaambia, na mngefurahi."

Sikujua kama nicheke. Yeye alicheka, kidogo, akaniuliza kama nimebakiza biskuti.

Tukashuka Galveston asubuhi, tukapanga foleni ya uhamiaji, mimi na kadi yangu ya kijani na pasipoti, Dogo na makaratasi yake. Birika lilikuwa bado kwenye gari.

Kibubu kipya kimeanza mwezi huu. Dogo anataka Miami mwakani, na safari hii hakuna anayebishana kuhusu mitelezo. Jumapili iliyopita, kabla hata meli haijachaguliwa, Kijumbe alituma kwenye kundi mpangilio wa vyumba:

*Chumba 1: Kijumbe na Dogo. Chumba 2: Nesi na wewe.* Akanitaja mimi kwa jina.

Labda amenionea huruma, nikanywe vimwavuli vyangu kwa amani. Labda Dogo, ambaye tangu turudi amekuwa akienda kwake kila Ijumaa kujifunza kupika, ndiye aliyeomba. Labda ni kitu kingine. Nesi ameweka moyo, Dogo ameweka moyo.

Leo ni Jumanne, saa tatu usiku. Tiki zangu ni za buluu.